Kabla ya kuandika "umeme wa bure", muulizeni kijana amepima na nini

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi niongelee hizi habari za mashine inayojiendesha yenyewe. Kila baada ya muda zinarudi magazetini na kwenye simu zetu, betri ya gari, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), transfoma iliyosukwa kwa mkono, chaja inarudisha moto kwenye betri, na kijana kashika testa inaonyesha umeme unaotoka ni mwingi kuliko unaoingia. Mi ni fundi redio na hao vijana nawapenda, mtu anayekaa na waya mpaka transfoma yake ikafanya kazi ana kipaji kweli. Ndo maana inaniuma gazeti likimsifia halafu hakuna hata mmoja aliyemuuliza umepima na nini na umepimaje.

Shida iko hapo hapo. Umeme wa TANESCO ni wimbi linalopanda na kushuka taratibu mara 50 kwa sekunde, tunaita volti 230 lakini kilele chake kinafika kama 325. Inveta nyingi za bei rahisi zinatoa kitu kama ngazi, inaruka ghafla mpaka 325, inakaa, inarudi sifuri, inakaa, halafu inaenda upande wa pili. Na testa ya kawaida imetengenezwa kwa wimbi la TANESCO tu, inachukua wastani inazidisha kwa 1.11 basi. Pigeni hesabu wenyewe: ngazi ya 325 inayowaka nusu ya muda, nguvu yake ya kweli ni volti 230 safi kabisa, ila wastani wake ni 162.5, zidisha kwa 1.11 testa inakwambia 180. Fundi anasema inveta imechoka, anaifungua anapandisha volti, TV ya mteja inaungua na hakuna anayejua kwa nini. Wimbi likiwa la skwea kamili, yaani linaruka juu na chini bila kukaa sifuri, mambo yanageuka, sasa testa inazidisha kwa asilimia 11 kwenye volti, na kwenye ampea za globu au hita nako asilimia 11, ukizizidisha upate wati tayari una asilimia 23 ambayo haipo duniani. Hiyo 23 wengine wameshaiita ugunduzi. Testa ya tru RMS, yaani inayopima nguvu ya kweli ya wimbi hata likiwa sio la TANESCO, inaondoa kosa hili, ni ghali kidogo ila ndo kifaa cha kazi hii.

Hata ukiwa nayo bado kuna transfoma yenyewe. Transfoma isiyo na mzigo inavuta ampea ambazo nyingi zinaingia na kurudi zilikotoka, haziliwi, na chuma chake kikikaribia kushiba sumaku hizo ampea zinakuja kwa vilele vyembamba vyembamba wala hazifanani na wimbi la volti. Kwa hiyo volti mara ampea sio wati. Mtu anapima mashine ya kuchomelea ikiwa imekaa tu, anaona ampea kibao, anadhani inakula sana, kumbe mita ya LUKU inahesabu kidogo, lile joto la kwenye chuma na kwenye waya tu. Angalia kitaa kinachomweka kwenye mita, kama imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa uniti moja, na umezima vitu vingine vyote, mmweko mmoja kila sekunde 36 ni wati 100. Kipimo hicho kila nyumba inacho ukutani.

Na kwa inveta kuna kipimo ambacho hakijali umbo la wimbi hata kidogo, maji. Chukua flaski nzuri ya chai, tia lita moja, weka hita ndogo ambayo inveta inaimudu, koroga kwa mti mkavu, soma joto mwanzo na mwisho na usiingize mkono wakati umeme umewaka. Lita moja ikipanda nyuzi 20 imekula jouli 84,000, kama imechukua dakika 10 basi ni wati 140, bila testa. Upande wa betri pima volti na ampea za DC, yaani umeme wa betri usiogeuka upande, tuseme 12 mara 14 ni wati 168. Hapo inveta imekupa asilimia 83 na hiyo ni inveta nzuri tu, ile iliyobaki unaisikia kwa mkono kwenye bodi lake, ni joto.

Picha ya globu imewaka haithibitishi chochote. Betri ya 12V ya 100Ah ikijaa ina wati-saa kama 1200, globu ya LED ya wati 5 inawaka siku mbili tatu hata ukitoa kinacholiwa na inveta yenyewe, na mwandishi wenu atakuwa ameshaondoka.

Jingine ambalo naomba mliandike kwa herufi kubwa, vijana wanatoa transfoma kwenye maikrowevu mbovu. Ile inatoa volti kama 2000 na ampea za kuua, na kapasita ya maikrowevu hiyo inabaki na chaji hata ukichomoa waya, hiyo sio ya kujifunzia. Na aliyepata osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, asishike waya wa umeme kwa ile klipu ya athi (waya wa ardhini), klipu imeungwa na athi ya ukutani itapiga shoti, na akikata athi ya osiloskopu ili isipige shoti basi bodi lote linakuwa na umeme. Kuna probu maalumu za kazi hiyo, au aweke transfoma ya kutenganisha.

Mkimtembelea tena mvumbuzi, mwambieni achomoe betri, mashine ijiendeshe ikiwa imebeba hita ndani ya maji kwa saa nzima mbele yenu, na mwalimu wa umeme kutoka chuo cha ufundi cha VETA cha karibu awepo na testa yake. Halafu chapisheni namba zote, hata zikiwa ndogo.

Fundi redio,
Temeke, Dar es Salaam