Kwa vijana mnaodai kura ya maoni: anzeni na daftari la wapiga kura

Wanangu,

Nasoma maandiko yenu kuhusu Sahara Magharibi, koloni la zamani la Hispania ambalo sehemu yake kubwa inashikiliwa na Moroko, na Abyei, eneo linalogombewa na Sudan na Sudan Kusini, na karibu yote yanaishia na dai moja: watu wapewe kura ya maoni. Dai ni la haki. Ila kura hizi mara nyingi hufia mezani, kabla hata sanduku halijatengenezwa, pale linapoulizwa swali la nani aandikishwe.

Azimio 1514 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1960, linawapa watu wa makoloni haki ya kujiamulia hatima yao. Azimio hilohilo, aya ya 6, linakataza kuvunja umoja wa nchi. Ndiyo maana eneo lililo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, na Sahara Magharibi imo tangu 1963, lina mlango ambao jimbo la nchi huru halina. Msiyachanganye mawili haya katika andiko moja. Mpinzani wenu atashika hapohapo.

Tazameni Sahara yenyewe. Mwaka 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikubali kwamba baadhi ya makabila yalikuwa na utii kwa Sultani wa Moroko, lakini haikuona uhusiano wa umiliki wa ardhi wa kuzuia watu wasijiamulie. Silaha zikanyamaza 1991, na kura ikapangwa kufuata sensa ya Wahispania ya 1974, yenye watu wapatao 74,000. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Polisario, chama kinachopigania uhuru wa Sahara Magharibi, waling'ang'ania sensa. Moroko ikataka waingie pia wenye asili ya huko wanaoishi nje ya eneo. Vigezo vikapanuliwa, kila mwombaji akahojiwa mbele ya masheikh wa koo. Kufikia mapema 2000, orodha ilikuwa na majina 86,386, na rufaa zaidi ya 130,000. Kura haijapigwa hadi leo.

Abyei nayo iliponzwa na neno moja, "wakazi". Mkataba wa amani wa Sudan uliwapa kura wakazi wa Abyei, ukawataja Wadinka Ngok na "Wasudani wengine" wanaoishi hapo, vigezo vya ukazi ukaiachia tume ambayo haikuundwa. Je, Mmisseriya, mfugaji wa Kiarabu wa kuhamahama, anayeingia na ng'ombe wake kiangazi kisha akaondoka ni mkazi? Hakuna aliyejibu. Januari 2011 Sudan Kusini ikapiga kura, 98.83% wakachagua kujitenga, na Abyei ikabaki ikitazama.

Sasa linganisheni na Timor ya Mashariki, iliyokuwa chini ya Indonesia, 1999: umezaliwa huko, au mzazi wako mmoja kazaliwa huko, au mwenzi wako ana sifa hizo. Basi. Zaidi ya watu 440,000 waliandikishwa kwa wiki chache. Kosa kubwa lilikuwa kwingine: ulinzi uliachiwa Indonesia, na baada ya 78.5% kukataa kujitawala kwa sehemu wakiwa ndani ya Indonesia, miji ikachomwa moto.

Kwa hiyo mnapoandika madai, msiishie kwenye neno "kura". Andikeni tarehe ya mwisho ya kuhesabu ukazi, vigezo vichache vinavyothibitika kwa hati au shahidi, siku za rufaa, na jina la chombo chenye neno la mwisho. Semeni nani atalinda vituo, na nani atabaki kulinda matokeo yakishatangazwa. Na Wasahrawi, yaani watu wa Sahara Magharibi, walioko kwenye kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, dai liwe waandikishwe palepale walipo.

Ni mimi mzee wenu.