Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria: mtoto asihojiwe polisi bila mtetezi

Mheshimiwa Waziri, Assalamu alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba, mie ni msaidizi wa sheria na jambo langu ni moja tu, mtoto akikamatwa apate wakili pale pale polisi kabla hajaandikishwa maelezo, sio asubiri mpaka afikishwe mahakamani maana wakati huo mambo yashaharibika.

Sheria tunazo, sikatai. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar namba 6 ya 2011 imetuletea Mahakama ya Watoto, ya Msaada wa Kisheria ya 2018 ipo kwa ajili ya wasiokuwa na uwezo, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tokea 1991, kifungu cha 37 kinasema mtoto alozuiliwa apatiwe msaada wa kisheria bila kucheleweshwa.

Sasa njoo huku kwetu. Msimu wa karafuu ukifika watoto wanaingia mashambani kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, wapate chochote, mwenye shamba akimkuta mmoja anapiga simu, mtoto wa miaka 14 anachukuliwa na yunifomu ya skuli bado iko mwilini. Kule ndani anaulizwa maswali na watu wazima watatu wanne, na mtoto wa kwetu kalelewa asibishane na mkubwa, kwa hivyo kila anachoulizwa anaitikia ndio, umeiba ndio, ulikuwa na wenzako ndio, halafu anaoneshwa pa kuweka dole gumba anaweka. Karatasi hiyo ndo itakayomfuata mpaka kwa hakimu, na hata wakili akija kupatikana baadae kazi yake inakuwa kupigana na maneno ambayo mtoto mwenyewe hayajui vizuri.

Nimekaa na mama mmoja kwenye benchi nje ya kituo, akaniuliza, "Huyo wakili nampata wapi mwanangu, na anataka shilingi ngapi?" Namba niliyokuwa nayo ilikuwa ya Unguja. Mama huyo anauza mandazi, nauli ya boti yenyewe hana, sembuse kumleta wakili mpaka huku!

Sisi wasaidizi wa sheria tunajitahidi wallahi, tunaelekeza, tunaandika barua, tunamtafuta afisa ustawi wa jamii. Lakini kusimama mahakamani kumtetea mtu haturuhusiwi, na mawakili wengi wako Unguja.

Silaumu askari wote, wapo wanaomuita mzazi kwanza na kumuweka mtoto mbali na wakubwa. Ila haki ya mtoto isiwe inategemea siku hiyo zamu ni ya nani.

Kwa hiyo Mheshimiwa tunaomba kuwe na mawakili wa zamu hapa Pemba wanaolipwa na serikali, namba zao zibandikwe ukutani kila kituo cha polisi na kwa kila sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na maelezo ya mtoto yaliyochukuliwa bila ya mzazi wala mtetezi yasipokelewe mahakamani, hili la mwisho likihitaji marekebisho ya sheria basi lipelekwe Baraza la Wawakilishi. Najua bajeti ni ndogo. Hata wakianza wawili, mmoja Wete na mmoja Chake Chake, sie tutawapokea na kazi wataikuta inawasubiri.

Wako katika kazi,
Msaidizi wa sheria, Wete