Malalamiko: springi mlizoniuzia za kushusha gari zimekatwa na grinda

Kwa Meneja,

Habari ya kazi. Mimi ni yule mteja wa Impreza ya bluu, ya 2006, injini ya 1500 isiyo na tabo, nilikuja hapo kwenu Industrial Area Jumamosi moja mwezi wa pili. Nimeamua kuandika kwa sababu simu nimepiga mara saba na kila nikipiga naambiwa boss ametoka kidogo, sasa huyo boss ametoka kidogo tangu mwezi wa tatu.

Kwanza niseme ukweli, kushusha gari ni mimi nilitaka, hakuna mtu alinishikia bunduki. Ile nafasi kati ya tairi na fenda ilikuwa inanikera, ngumi inaingia yote na bado unaweza kuisalimia ikiwa ndani. Lakini nilikuja kwenu kuuliza, si kununua. Nikamweleza kijana wenu wa kaunta kila kitu pole pole, kwamba naishi Zimmerman, kwamba kabla ya geti yetu kuna matuta mawili na moja lilijengwa na wenyeji wenyewe kwa simiti, limekaa kama kaburi, na kwamba kila mwisho wa mwezi naenda Kinangop kuona mamangu na sirudi mikono mitupu, narudi na gunia la viazi kwa buti na watoto watatu kiti cha nyuma. Nikamuuliza, kwa gari ya kazi kama hiyo, mtu aweke nini?

Koiliova, yaani springi na shoki zilizoungana unazopandisha na kushusha, kijana alinikataza, na hapo sina ubishi naye. Zile mlikuwa nazo zilikuwa za kilo 8 mbele na kilo 6 nyuma, yaani kuifinya springi milimita moja tu unahitaji uzito wa kilo nane, na springi ya kawaida ya Impreza kama yangu haifiki hata nusu ya hapo. Akasema nitafika kazini meno yakiwa mfukoni, tena zile ringi za kupandisha na kushusha zikijaa matope zinashika kutu hadi ukitaka kuzizungusha unapigana nazo kwa nyundo. Sawa kabisa. Springi za upepo alitaja bei tukacheka wote wawili tukaendelea.

Ndio akaingia stoo akatoka na springi nne nyekundu kwa katoni haina jina, akaniambia maneno matatu ambayo ndiyo yamenifanya niandike hii barua: hizi ni za Japani na zinashusha inchi moja na nusu, shoki zako zitazibeba bila shida, na alainimenti, yaani kunyoosha pembe za tairi, haihitajiki. Nikalipa 26,000 na 4,500 ya kufunga, kwa M-Pesa, meseji ninayo.

Siku ya kwanza gari ilikaa vizuri, sitadanganya, hata niliegesha mbali kidogo ndio niitazame vizuri. Siku ya pili kwa lile tuta la simiti nikasikia GONGO, sio chini ya bampa, ni juu, kwa maunti za mbele, pale shoki inashikana na bodi, kama mtu amepiga bodi na rungu. Nikachukua tepu nikapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, nikilinganisha na vile nilikuwa nimepima kabla sijaileta kwenu (ndio, nilipima, mimi ni mtu wa hivyo). Mbele ilikuwa imeshuka sentimita 6. Nyuma kushoto 5, nyuma kulia 4 na nusu. Inchi moja na nusu haifiki hata sentimita 4, sasa niambieni ni springi gani ya kiwandani inashusha kila kona vile inajisikia.

Baada ya wiki tano shoki ya mbele kushoto ilikuwa inatoka oili na tairi zote mbili za mbele zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana, upande wa nje bado una meno kama mpya. Nikapeleka kwa fundi mmoja mzee huko Ngara. Akapiga jeki, tairi ikaning'inia, akaingiza mkono, akashika springi akaizungusha na vidole viwili. Ilikuwa inacheza huko juu kama bangili kwa mkono wa mtoto. Akaniangalia tu. Akaifungua, akachukua bisibisi akakwaruza ile rangi nyekundu, chini yake ikatoka rangi nyeusi ya zamani na kutu, na pale mwisho wa waya, mahali springi huwa imejipinda ndio ilale kwa kikombe chake, palikuwa pamekatwa wima na grinda, hata ile rangi ya bluu ya chuma kilichoungua bado iko. Picha zote nimewatumia kwa WhatsApp na tiki ziligeuka bluu siku hiyo hiyo.

Sasa mimi si fundi lakini nimeelezwa nikaelewa, na nyinyi mnajua zaidi yangu. Springi ya kushusha kweli imetengenezwa ikiwa fupi na ngumu kwa kipimo, ndio gari ikae chini bila kugonga raba za ndani ya shoki, na hata tairi ikining'inia bado imebanwa juu na chini. Ukikata pete moja kwa springi ya pete sita inaongeza ugumu kidogo tu, kama asilimia 20, na gari imeshuka zaidi ya hapo, kwa hivyo kila tuta shoki inafika mwisho na kugonga. Ukiingia shimo springi inalegea, ikirudi vibaya sijui ningekuwa wapi na watoto kwa ile mteremko ya kutoka Kinangop. Na gari ikishuka tairi hubadilisha pembe, lazima ipelekwe alainimenti, hiyo hata watu wa kuziba pancha wanajua. Yule mzee aliniambia Impreza zilizoshinda Safari Rally 1997 na 2000 zilikuwa zimeinuliwa, sio kushushwa, na alicheka sana, na mimi ndiye nilikuwa namlipa.

Ningeambiwa tu niweke springi za kushusha sentimita 2 na nusu na shoki mpya za kuendana nazo, au niache gari kama ilivyo, ningesikia.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie 30,500 yangu, 2,500 ya alainimenti na 16,800 ya tairi mbili, jumla 49,800. Shoki siwadai, ilikuwa imetembea sana na pengine ingekufa tu. Nawapa siku 14. Katiba kifungu cha 46 kinasema mteja ana haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na habari za kutosha kuihusu, na korti ya madai madogo pale Milimani inasikiza kesi hadi milioni moja bila hata wakili, kwa hivyo msidhani nitachoka.

Halafu kuna jambo moja. Springi zangu za kampuni mlibaki nazo, kijana alisema mtaniwekea stoo. Ziko nne, nyeusi, kila moja ina alama ya rangi ya manjano ubavuni. Hizo nakuja kuchukua Jumamosi hii asubuhi, na nataka nizikute na pete zote, kabla hamjazipaka nyekundu.

Ni mimi mwenye ile Impreza ya bluu, Zimmerman.