Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu mnaoombwa kufanya kazi bure

Wanangu wa Maseno, wa Kakamega, wa Njoro na nyote mnaosomea huku kwetu,

Salamu kutoka Kisumu. Nimestaafu sasa, lakini miaka mingi nilikuwa afisa wa maendeleo ya jamii, kazi iliyonipitisha Nyalenda, Manyatta, Ahero, na kwa kipindi fulani Nakuru. Miaka yote hiyo vijana wa vyuo walikuwa wakija ofisini na barua zao, wanataka kujitolea. Siku hizi wananifuata nyumbani, mzazi amewaambia, "Nenda kwa yule mama, yeye anayajua mambo hayo." Swali halibadiliki: kuna ofisi imeniita nifanye kazi likizo nzima bila malipo, niende au nisiende? Kumjibu mmoja mmoja kumenichosha, basi naandika mara moja nyote msome.

Jibu langu ni kwamba nenda, lakini kwanza uliza kazi hiyo ni ya nani. Nitaeleza maana yake baadaye. Acha kwanza niwaseme wazee wenzangu kidogo, maana wao ndio wanaowachanganya.

Wazee hupenda kusema, "Sisi tulijitolea, nyinyi mnataka pesa tu." Sisi tuliojiunga na chuo kikuu katikati ya miaka ya 1980 tulipitishwa kwanza kwenye Huduma ya Vijana kwa Taifa, wengi wetu pale Gilgil, tukapigishwa kwata na kushika jembe kabla ya kuona darasa. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Huko hakukuwa kujitolea, ilikuwa amri. Tulipofika chuoni tulikuwa tunakula bwaloni na tuna bumu mfukoni, pesa za serikali ambazo wengine walizituma nyumbani kuwasomesha wadogo zao. Ukimwona kijana wa wakati ule akienda Jumamosi kuwafundisha watu wazima kusoma, ujue ameshiba na kodi ya chumba haimhusu. Miaka ya 1990 ilipoanza, gharama zikagawanywa kati ya serikali na wazazi, na mwaka 1995 ikaja HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mikopo yake ambayo mtailipa mkiwa mmeshaoa na kuolewa. Kwa hivyo mzee akikwambia ni uvivu unaokuzuia kufanya kazi bure, mkumbushe bumu. Kwa heshima, lakini mkumbushe.

Sasa turudi kwa swali langu, kazi ni ya nani.

Chukua shule ya upili ya kijijini isiyo na mwalimu wa kutosha wa hesabu. Mwanafunzi anayesomea ualimu amerudi nyumbani likizo ndefu, na mwalimu mkuu, ambaye pengine ni rafiki ya baba yake, anamwomba awashike vijana wa kidato cha tatu. Nani atakataa? Wazazi wanafurahi, mama anatembea kanisani kichwa juu. Lakini tazama ni nani aliyekuwa akisimama mbele ya darasa lile muhula uliopita. Mara nyingi ni mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule: kijana aliyemaliza chuo, ana cheti chake, anasubiri TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, imkumbuke, na kwa sasa analipwa vijisenti kutoka kwa michango ya wazazi. Wewe ukiingia bure, bodi inapiga hesabu haraka sana. Ya nini kumlipa yule? Muhula wenu ukifunguliwa utaondoka, na yeye ana mtoto na mwenye nyumba anayebisha mlangoni. Na usidhani mambo yataishia kwake. Ukihitimu, wewe ndiye utakuwa mwalimu wa BOM, na kutakuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekuja kusaidia bure.

Ukitaka kuisaidia shule hiyo, na uisaidie, shika kazi ambayo haina mshahara wa mtu ndani yake. Kaa jioni na wale watoto ambao wamefika sekondari na kusoma bado kunawapiga chenga. Anzisha kilabu cha sayansi. Waeleze wa mwaka wa mwisho jinsi ya kujaza fomu za kuomba chuo, mkondo ambao hata wazazi wao hawaujui. Hapo hujamnyang'anya mtu chochote.

Serikali yenyewe imeshaonyesha mahali njia hii ya kazi nafuu inapoishia. Mwaka 2023 TSC iliwachukua walimu wa sekondari msingi kama wanagenzi, shilingi 20,000 kwa mwezi, watu wenye digrii na waliosajiliwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Ajira ikasema TSC haina mamlaka ya kuwachukua walimu waliohitimu kwa mtindo huo. Mwaka huo huo wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na kati ya mambo makubwa yaliyowatoa wodini ni malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000, serikali ikasema itatoa 70,000. Hao ni madaktari, wana chama na wana mawakili. Wewe una barua moja kutoka kwa mkuu wa idara. Fikiria ni nani atakayekutetea.

Lakini mfano unaonigusa zaidi si wa wasomi. Kwa miaka mingi wanawake wa mitaa yetu ya Kisumu, na wanaume wachache, walizunguka mlango kwa mlango wakiwakumbusha kina mama chanjo, wakimfuatilia mgonjwa wa kifua kikuu amalize dawa, wakimpeleka mjamzito kliniki. Walikuwa wahudumu wa kujitolea. Kuna waliofunga meza ya omena asubuhi nzima ili kuifanya kazi hiyo, na tuliokuwa ofisini tuliandika ripoti zetu kwa miguu yao. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya huduma za afya ya msingi, wakapewa jina jipya, wahamasishaji wa afya ya jamii, na malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Siku ile nilifurahi, na nilikasirika pia. Shilingi elfu tano si kitu kwa mtu mwenye nyumba ya watoto, ila angalau nchi ilikiri mdomoni mwake kwamba ile ilikuwa kazi tangu mwanzo.

Hapo ndipo ninapowapimia. Mwenye shida asiye na uwezo wa kukulipa, mpe nguvu zako bure. Mwenye pesa asiyetaka kukulipa, mwache atafute mwingine.

Na wa aina hiyo ya pili mjini kwetu hawakosi. Kisumu imejaa mashirika na miradi, mnajua. Shirika moja, jina naliacha, liliwahi kuwachukua wanafunzi wazunguke mitaani na maswali kwenye simu, nyumba hii hadi nyumba ile, jua la Kisumu likiwaka. Mradi ulikuwa na mfadhili, gari la kifahari na semina ya hotelini kando ya ziwa. Bajeti niliiona kwa macho yangu, na fungu la wakusanya takwimu lilikuwamo. Wanafunzi walipata fulana na cheti. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba vijana wanapata uzoefu. Fungu lile liliishia wapi mimi sikuambiwa, na nyinyi si watoto.

Wanasiasa nao ni hao hao. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na tayari makomredi, kama mnavyoitana, wanaitwa kujitolea kwenye timu za mheshimiwa. Mheshimiwa mwenye magari manne barabarani anaweza kulipa mtu wa kumbandikia mabango.

Sasa nisije nikaonekana mtu wa kupinga kila kitu. Nyinyi wa Masinde Muliro pale Kakamega mnasomea chuo kilichoanza kama WECO, chuo cha ufundi, miaka ya 1970, kwa harambee, wananchi wakichanga walichokuwa nacho kwa ajili ya watoto ambao wengi wao hawakuwa wao. Hao hawakungoja risiti. Na mto Nyando unapofurika, kama ulivyofurika mwaka 2024, watu wa tambarare za Kano wakihamia madarasani na magodoro vichwani, hakuna mshahara unaoweza kungojwa. Kenya Red Cross, shirika lililoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965, hutegemea sana vijana wa kujitolea siku kama hizo. Kijana aliyejifunza huduma ya kwanza na kukaa kambini wiki mbili anajua kuandikisha familia bila kuwafanya wajisikie ombaomba, anajua kutibu maji, anajua kunyamaza mbele ya mzee aliyepoteza ng'ombe wake wote. Mimi nilikuwa nikiwatambua vijana hao siku ya kwanza ofisini. Mpe kazi, hakuulizi kalamu iko wapi. Wa Njoro mna mto wenu unaoteremka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru, na kando yake kuna miche ya kupanda kila msimu wa mvua. Nendeni.

Kuhusu ajira niwe mkweli, kwa sababu ndiyo wengi mnayoiwaza. Cheti cha kujitolea peke yake hakijampa mtu kazi niliyemwona. Nimepitia mafaili ya waombaji nikakuta vyeti hivyo vimerundikana, nikavipita. Kinachosaidia ni mtu. Ni yule afisa, muuguzi au fundi aliyekaa karibu nawe akakuona ukifanya, ambaye akipigiwa simu miaka miwili baadaye anaweza kusema, "Huyo namjua, aliwahi kunipangia rejista ya vikundi vyote vya kata nzima na haikukosewa." Basi ukifika mahali, tafuta mtu huyo kabla ya kutafuta kiti. Kama wiki mbili zimepita na kazi yako ni kuchemsha chai na kutoa fotokopi, aga vizuri uende. Hukuapa.

Atachimenti, yale mafunzo ya kazini ambayo chuo kinakutuma, ni jambo jingine, nisieleweke vibaya. Hiyo ni sehemu ya masomo yako, mhadhiri atakuja kukukagua na alama zitaandikwa. Ifanye hata kama hawalipi. Ninalozungumzia ni hiyo miezi mingine inayoombwa baada ya atachimenti kwisha, wakati bosi ameshaona unafaa.

Nauli na chakula cha mchana visiwafanye muone haya. Ulizeni siku ya kwanza, kabla ya kukalia kiti, na kwa sauti ya kawaida: "Nashukuru kupata nafasi. Ofisi ina utaratibu gani wa nauli na chakula kwa wanaojitolea?" Mkubwa mwenye adabu hatakasirika. Akisema hakuna kitu, usijibu papo hapo. Nenda nyumbani upige hesabu ya matatu na boda kwa wiki, ujue ni nani atakayeilipa, maana mara nyingi ni mama yako anayeuza mboga, na yeye hajaulizwa kama anataka kulisaidia shirika lile. Waambie utakuja siku mbili badala ya tano. Au tafuta pa kufika kwa miguu. Mtoto wa tajiri anaweza kukaa miezi sita bila senti na kuandika kwenye wasifu wake kwamba amejitolea. Wewe usijilinganishe naye, na mwajiri yeyote asikufanye ujione una moyo mdogo kuliko wake.

Mabinti, hili ni lenu hasa, ingawa wavulana nao wasikie. Hakuna kazi ya kujitolea inayofanyika jioni nyumbani kwa mkubwa wa ofisi. Hakuna ripoti inayohitaji chumba cha hoteli. Mtu aliyekuahidi barua ya mapendekezo hajakununua. Likitokea, toka, mwambie mtu mzima unayemwamini, na usiogope kwamba utapoteza nafasi. Nafasi yenye mlango wa namna hiyo haikuwa nafasi.

Na msikose mitihani kwa sababu ya kujitolea. Nimeshaona kijana anarudia mwaka mzima huku shirika alilolitumikia limeshahamia kaunti nyingine.

Ninaendelea kuandikia watu barua za kwenda nazo ofisini, na sitozi chochote. Njooni. Ila kila anayekuja aje na vitu viwili kwenye karatasi: jina la mtu atakayemfundisha kazi huko, na tarehe ya kumaliza. Asiye navyo nitamkaribisha chai, lakini sahihi yangu hataipata.

Ni mimi mama yenu,
Kisumu