Unahamia botini London? Anza na ngama

Kwako Mhariri,

Kodi za nyumba London zimewafanya vijana wetu wengi waulizie boti nyembamba zinazolala kwenye mifereji: bei gani, zinauzwa wapi, na je, yuko mwenzetu anayeishi huko wa kumwomba ushauri? Swali la mwisho ndilo zuri, na kwa kawaida huulizwa likiwa limechelewa, boti imekwisha kununuliwa. Tunaomba nafasi tulijibu, sisi tunaoishi kwenye maji hayo, kwa faida ya wasomaji walioko Uingereza na wazazi wao huko nyumbani.

Tuanze na siku 14. Leseni hutolewa na Canal & River Trust, shirika lililopokea mifereji ya England na Wales mwaka 2012. Hulipati karatasi hilo bila bima, cheti cha usalama wa boti kinachodumu miaka 4, na ama gati lako la kudumu au ahadi kwamba utakuwa safarini mwaka mzima. Magati ya kudumu London ni machache na ghali, hivyo wageni wengi huchagua safari. Sheria ya mwaka 1995 inasema boti isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, ila kukiwa na sababu ya maana. Watu husoma hapo wakaishia hapo. Kuvuka daraja moja, kisha kurudi ulikotoka, hakuhesabiwi kuwa ni safari. Wako watu wanaopita ukingoni wakiandika namba za boti, na shirika limekwisha kueleza kwamba anayezunguka ndani ya eneo lisilofika maili 15 hadi 20 katika muda wote wa leseni atapata taabu kulishawishi. Baadhi ya sehemu za katikati ya jiji ni siku 7 tu, nyingine hulipiwa na kuwekewa nafasi mapema. Tena tangu Aprili 2024 wasio na gati wanalipa nyongeza juu ya leseni, iliyopangwa kupanda hadi asilimia 25 mwaka 2028. Kwa mwenye mtoto shuleni au kazi ya zamu, pigia hesabu safari hizo kabla ya kupigia hesabu bei ya boti. Na ukiugua, injini ikifa au mfereji ukiganda barafu, liandikie shirika barua pepe kabla ya siku ya 14. Ukingoja notisi, unajitetea badala ya kuomba.

Wanaotaka kupanga badala ya kununua wajihadhari zaidi. Boti ya kupangisha huhitaji leseni yake maalumu, tofauti na ile ya mtu binafsi, pamoja na cheti cha gesi cha mwenye nyumba. Matangazo mengi ya mtandaoni hayana hata kimoja. Omba uonyeshwe vyote viwili, na ukiambiwa "vinashughulikiwa", bakisha amana yako mfukoni.

Sasa chuma. Boti nyembamba ina upana wa futi 6 na inchi 10, kwa sababu loki za zamani, vile vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha boti, zilijengwa kwa kipimo hicho. Urefu wa futi 57 utakupitisha karibu mifereji yote. Boti nzuri ya kisasa hujengwa kwa bati la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kibanda. Usinunue bila kuipandisha chelezoni na kumlipa mkaguzi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, apime unene kwa mawimbi ya sauti. Chini ya milimita 4 kampuni nyingi za bima huanza kukataa. Ulaji mbaya wa kutu uko kwenye mstari wa maji, si pale unapoonekana vizuri picha zikipigwa. Baada ya hapo, kila miaka 2 au 3 boti inapanda tena ikaparuzwe na kupakwa lami, kama jahazi linavyopakwa shahamu, na kubadilishiwa anodi zilizoliwa, vile vipande vya magnesiamu vinavyoliwa na kutu badala ya bati.

Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ya chombo, maji yanapokusanyika. Kwenye boti ya chuma methali hiyo ichukue kama ilivyo. Fungua ubao wa ngama ya injini kila asubuhi. Mahali mhimili wa rafadha (pangaboi) unapotokea nje pamefungwa kwa kamba yenye grisi, na matone machache ni ya kawaida, lakini mkondo mwembamba si wa kawaida: kaza grisi, na usipokoma ita fundi. Juu ya rafadha kuna kifuniko cha kutolea takataka. Mifereji ya London imejaa mifuko ya plastiki, nguo na nyaya, na vyote hujiviringisha hapo. Zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, ndipo uingize mkono. Ukimaliza, rudisha kifuniko, kaza skrubu mpaka mwisho, kisha tia gia dakika moja huku ukikitazama. Kikiwa kimelegea, rafadha itarusha maji ndani kwa nguvu, na mwenye boti aliye kwenye usukani haoni kitu mpaka nyuma inaanza kushuka.

Kwenye loki hatari kubwa ni wakati wa kushuka. Chini ya lango la juu kuna kingo ya zege au jiwe, imefichwa na maji, na ukutani imechorwa mstari mweupe. Nyuma ya boti ikibaki juu ya kingo hiyo, maji yanapoondoka pua inazama na boti hujaa kwa dakika chache. Kaa mbele ya mstari, usifunge kamba kwa fundo bali izungushe kigingi uishike mkononi, na anayefungua maji asiondoe macho kwa aliye kwenye usukani. Boti ikikwama, funga mara moja milango midogo ya maji ya chini, ndipo uingize maji polepole kutoka juu. Hakuna anayekudai leseni ya udereva kwenye mifereji hii, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Yapo mafunzo ya siku moja au mbili ya usukani yanayotambuliwa na RYA, chama cha waendesha boti cha Uingereza. Fanya hayo kwanza.

Jambo tunaloliogopa kuliko kuzama ni kaboni monoksidi. Watu wetu wamekulia kwenye jiko la mkaa, na baridi ya Januari inapobana, wazo la kulileta ndani ya kibanda huja lenyewe. Usithubutu. Jiko hilo likiwa linawaka au likiwa limebaki majivu yenye moto, linatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na kibanda cha boti ni kidogo kuliko chumba chochote ulichowahi kupanga. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mtu anadhani ni mafua, anakwenda kulala. Hata mkaa wa chetezo, fungua dirisha na mlango kabla ya kuuwasha, kisha ukauzime nje. Kengele za hewa hiyo ni sharti la cheti cha usalama tangu Aprili 2019. Bonyeza kitufe cha majaribio kila wiki, na angalia nyuma yake tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu kengele huzeeka.

Jiko rasmi la boti, lile la chuma lenye dohani, nalo lina masharti. Kamba ya mlangoni ikichakaa badilisha. Dohani ifagiliwe. Majivu yatoke nje kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, kamwe yasiachwe sebuleni. Na yale matundu ya hewa chini ya mlango na juu ya paa, ambayo kila mgeni huyaziba kwa matambara akisikia baridi, yamewekwa ili upumue. Baridi ikizidi vaa soksi mbili. Humo choma makaa ya mawe yasiyotoa moshi au kuni kavu: kuni mbichi hutia lami kwenye dohani, na lami hiyo hushika moto.

Kwa gesi ya kupikia chagua propani, maana butani hugoma kutoka baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Gesi ni nzito kuliko hewa, hutambaa mpaka ngamani ikakusanyika. Uvujaji utafute kwa povu la sabuni, na kazi ya mabomba aifanye fundi wa Gas Safe, sajili rasmi ya mafundi wa gesi, mwenye idhini ya boti.

Umeme unahitaji hesabu za kila siku. Betri 4 za ampea-saa 110 ni 440 kwa jumla, lakini za risasi na asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 220. Friji ya volti 12 hula kama 40 hadi 50 kwa siku. Pasi ya wati 2,000 kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, huvuta karibu ampea 185: kunyoosha kanzu dakika 10 kunaweza kula 30. Desemba jua la London huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, tena liko chini, kwa hiyo paneli za sola hazitakusaidia sana. Utawasha injini, na huruhusiwi kuiwasha kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ukiwa umefunga ukingoni.

Choo cha kaseti hubeba lita 20 hivi, na kwa watu wawili hujaa kwa siku tatu au nne. Jua vituo vya kumwagia viko wapi na uwe na kaseti ya akiba, kwani kituo kilichofungwa siku ya Jumapili ni balaa ndogo lakini halisi. Daktari wa NHS, huduma ya afya ya serikali, hawezi kukukatalia usajili kwa kukosa hati ya anwani. Benki ni wagumu zaidi.

Na jamii? Haipatikani kwa kupiga hodi na maswali. Pita polepole mbele ya boti zilizofungwa, la sivyo unang'oa vigingi vyao na chai inamwagika. Ukitaka kujifunga ubavuni mwa boti nyingine, uliza kwanza, funga pia kamba zako mwenyewe hadi ukingoni, na vuka kupitia omo yao, usipite nyuma kwenye mlango wao. Kwa masuala ya sheria na notisi, wako National Bargee Travellers Association, chama cha wakaaji wa boti wasio na gati la kudumu. Kwa mengine yote, iko boti ya mafuta inayopita ikiuza dizeli, mkaa na mitungi. Isimamishe, nunua mfuko mmoja hata kama unao. Nahodha wake anajua loki ipi imefungwa, bomba lipi limeganda, na nani jirani yako anauza betri.

Wenu,
Wakaaji wa boti, mfereji wa Regent's, London