Kabla ya kumjengea mjane, tuulize ardhi ni ya nani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kazi ya jumuiya za misikiti na kamati za kheri zinazowajengea nyumba wajane, mayatima na familia zisizo na pa kukaa, hapa Pemba na hata Unguja. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka sita sasa ndiye ninayeshika daftari la kamati moja ya aina hiyo, ambayo sitaitaja kwa sababu sikupewa ruhusa ya kuisemea. Kwa hiyo popote nitakapolaumu katika barua hii, lawama inanihusu na mimi.

Miaka minne iliyopita, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Wete, kamati yetu ilimjengea nyumba mama mmoja mwenye watoto watano aliyefiwa na mumewe. Nyumba aliyokuwa nayo ilikuwa ya fito na udongo, imeezekwa makuti, na masika ya mwaka ule ukuta wa upande wa kibla ulilowa mpaka ukamomonyoka wote, ukaona kitanda ukiwa barabarani. Watoto wakagawiwa kwa majirani, wawili huku na watatu kule. Tulichangishana baada ya sala ya Ijumaa, wenzetu walioko Unguja na Muscat wakaleta chao, vijana wakafyatua matofali wenyewe, wanawake wakachota maji, na fundi akakubali nusu ya ujira. Ikasimama nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, ya bati, na choo chake nyuma. Siku ya kukabidhi ilisomwa dua, zikapigwa picha, na yule mama akaufunga ufunguo kwenye pembe ya leso yake. Mimi nikaandika katika daftari neno moja, “imekamilika”, nikafunga hesabu.

Mwaka jana nilipita pale nikaikuta nyumba haina paa. Kuta zipo, fremu za milango zimeng’olewa, na ndani ya kile chumba cha watoto umeota mpapai.

Kilichotokea hakina hadithi ndefu. Kiwanja tulichojengea kilikuwa sehemu ya shamba la babu yao wale watoto, yaani baba wa marehemu, na mirathi ya mzee huyo haijapata kugawiwa tangu alipofariki. Ndugu wa marehemu walipotaka kila mmoja ajue chake, mmoja kwa kuwa wanawe wameshafika umri wa kujenga na mwengine kwa kuwa amepata mnunuzi, ikadhihirika kuwa nyumba imekaa katikati ya mali ya watu. Wale mashemegi si madhalimu, na hili nalisema kwa makusudi kwa sababu katika visa vya namna hii huwa ni rahisi kumtafuta mbaya. Walidai kilicho chao. Mzee yule aliacha watoto wanne wa kiume na watatu wa kike, na mkewe naye ameshatangulia. Mali inagawiwa mafungu kumi na moja, kila mwanamme mawili na kila mwanamke moja. Marehemu mume wa yule mama ana mawili kati ya hayo kumi na moja, na kwa kuwa ameacha watoto, mkewe anapata thumuni, yaani moja ya nane, ya mawili hayo. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga kabla ya tofali la kwanza: yule mama tuliyempa ufunguo ana fungu 1 katika mafungu 44 ya ardhi ile, na wanawe wote watano kwa pamoja wana 7.

Shauri lilimalizwa kwa sheha, na uamuzi ukawa kwamba aondoe kilicho chake. Bati zinavulika na milango inang’oka. Ukuta wa matofali ya saruji hauhamishiki, ukiubomoa unabaki na kifusi. Sasa anakaa kwa kaka yake, chumba kimoja yeye na watoto watatu wadogo, wale wakubwa wawili wamepelekwa Unguja kwa jamaa, na bati zetu 24 zimeegemezwa nyuma ya jiko la wifi yake zikishika kutu.

Wenyeji wanajua kwa nini kosa hili linatupitia kirahisi. Sisi tumezoea kwamba mti ni mali mbali na ardhi ni mali mbali. Mtu anaweza kuwa na minazi mitano katika shamba la mwenziwe, akaangua, akauza na akarithisha, na hakuna anayemuuliza. Nyumba ya udongo nayo ilikuwa na hukumu kama hiyo, kwani mtu akiambiwa ahame huchukua boriti zake na makuti yake, akakandike mahali pengine ndani ya wiki mbili. Kisheria ardhi yote ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi, na tunachoachiana ni haki ya kuitumia, ila vijijini bado tunaishi kwa desturi ya “jenga hapo, sote ni ndugu”. Desturi ile ilifaa kwa udongo. Tulipohamia kwenye saruji hatukuibadilisha, tukawa tunamwaga mamilioni ya shilingi za sadaka juu ya ruhusa ya mdomo iliyotolewa na mzee mmoja ambaye pengine hata yeye hakuwa na haki ya kuitoa.

Wapo watakaosema kwamba hapa kwetu hakuna watu wasio na makaazi, kwa sababu hatuoni wanaolala barazani kama wanavyoonekana katika miji mikubwa ya nje. Ni kweli hawaonekani, kwa kuwa wamehifadhiwa. Mwanamke aliyeachwa hurudi kwa wazee wake na watoto wake, mjane huenda kwa kaka, na familia iliyoshindwa kodi mjini, ambako wenye nyumba hutaka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hujibanza ukumbini kwa jamaa na kukunja magodoro kila alfajiri. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2019/20 ulionesha kuwa asilimia 25.7 ya Wazanzibari walikuwa wakiishi chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi. Anayekaa katika chumba cha wifi yake hataki kuitwa hana makaazi, ni aibu, lakini kila usiku anajua kwamba neno moja baya jikoni linatosha kumtoa.

Nirudi kwenye kamati zetu. Kuna suala la fiqhi, yaani sheria za dini, ambalo tunalipitia juu juu, nalo ndilo linaloamua nyumba iwe ya nani. Fedha tunazokusanya ni za aina mbili na sisi tunazitia katika mfuko mmoja. Zaka ni haki ya watu walioainishwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, na wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanasema mstahiki lazima amilikishwe, yaani fedha au kitu kiwe mkononi mwake na kiwe chake. Nyumba iliyojengwa kwa zaka juu ya ardhi isiyo ya mjane inatia shaka kama kweli tumemmilikisha kitu, na kisa nilichokieleza kinaonesha kuwa tulimmilikisha mabati. Sadaka ina wasaa zaidi. Kwa sadaka inawezekana kununua kiwanja, kukijengea na kukiweka wakfu, na kitu cha wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi, kama alivyofanya Sayyidna Umar katika ardhi yake ya Khaybar kwa ushauri wa Mtume (S.A.W.).

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba nyumba za kheri zijengwe kwa sadaka, juu ya viwanja vya wakfu vilivyoandikishwa, na zaka apewe mwenyewe mjane mkononi iwe mtaji wake. Ataka cherehani, anunue cherehani. Ataka kamba na mbegu za mwani, au mtaji wa kuuza samaki wa kukaanga, ni hiari yake, kwa sababu ni mali yake na si yetu. Nyumba atakaa bila ya kodi mpaka wanawe wakue au yeye mwenyewe apate uwezo wa kuhama, kisha ataingia mwengine mwenye haja. Hapo hakuna shemegi atakayekuja na kamba ya kupimia. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyoundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2007, inashughulika na wakfu, zaka na pia mirathi za Waislamu, kwa hivyo kamati inayotaka kufanya jambo hili inao mlango wa kubisha. Na pale ambapo mjane anataka kubaki kwenye ardhi ya ukoo kwa sababu ya makaburi, ya visima au ya ujirani, basi mirathi ifanywe kwanza, warithi wote watie saini, waliopo Dar es Salaam na Mombasa watafutwe hata ikichukua miezi minane, na ndipo msingi uchimbwe.

Najua pingamizi iliyopo, kwani nimeshaisikia ndani ya kamati yetu wenyewe. Watu wanasema wakfu haina mwenyewe, na anayetaka ushahidi atembee Mji Mkongwe azitazame nyumba za wakfu zilivyochakaa, kodi zake zikiwa ndogo kuliko gharama ya kutia chokaa. Siwezi kulikataa hilo. Ila wazee waliotangulia walilijua tatizo na wakalipatia dawa: aliyeweka msikiti wakfu aliuwekea na minazi yake, ili mapato ya nazi yanunue mafuta ya taa na mikeka. Nyumba ya kheri nayo iwekewe mikarafuu miwili mitatu, au mlango mmoja wa duka, na mapato yake yasiguswe ila kwa kubadili bati na kuchimba choo kipya. Kwenye msimu mzuri wa karafuu hakuna mtu wa Wete asiyejua jirani yake amechuma pishi ngapi, na huo ndio wakati wa kwenda kumgongea.

Katika jambo hili la kuanza na ardhi wala hatutakuwa wa kwanza hata hapa Zanzibar. Wamishionari wa Kianglikana wa UMCA, walipotaka kuwapatia makaazi watumwa walioachiwa huru, walitafuta kwanza shamba, wakanunua Mbweni katika miaka ya 1870, ndipo wakaja na nyumba, skuli ya wasichana na kanisa, na magofu ya skuli ile yapo hadi leo. Huko Marekani nako, Millard Fuller na mkewe Linda, baada ya miaka mitatu ya kujaribu mpango wao Mbandaka, katika nchi ya Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, walianzisha mwaka 1976 shirika la Kikristo la Habitat for Humanity, ambalo familia inayojengewa hutia nguvu zake katika ujenzi, hukopeshwa nyumba bila ya faida na hulipa kidogo kidogo, na malipo yao yakajengea wengine. Nilipoyaeleza haya katika kikao, mzee mmoja aliniuliza kama nataka tufuate Wakristo. Nikamjibu kwamba mkopo usio na riba tunao sisi katika vitabu vyetu kwa jina la kardhi hasan, na kwamba swali langu ni kwa nini katika miaka yangu sita ya kushika daftari sijapata kuandika hata mkopo mmoja wa aina hiyo. Hakunijibu, ila alicheka, na tangu siku hiyo ananiita Askofu.

Jambo jengine ni la haraka. Zile picha za kukabidhi nyumba tuziache. Mama yule ameniambia kwamba katika yote yaliyompata, lililomuuma zaidi ni kwamba picha yake akipokea ufunguo bado inazunguka katika simu za watu, na kila anayeiona humpa hongera.

Kwa upande wetu, kamati imekubali kusimamisha ujenzi wa nyumba mbili zilizokuwa zianze mara baada ya masika, mpaka kila kiwanja kijulikane mwenyewe. Wapo waliokasirika, na mfadhili mmoja amesema fedha yake ataipeleka kwengine ambako watu wanajenga badala ya kuandika karatasi. Yule mama naye hatujamwacha. Mkulima mmoja wa kijiji jirani amejitolea kipande cha futi 40 kwa 60 kiwe wakfu, na yeye, tofauti na sisi, alianza kwa kuwaita ndugu zake. Warithi hao wanakutana Ijumaa ijayo baada ya sala, nami nimeombwa niende na daftari, wino na kibweta cha kutilia dole gumba kwa wasiojua kuandika.

Wako mwaminifu,
Mwalimu Mstaafu,
Wete, Pemba.