Anti, mke wangu ameliita gari langu godoro lenye magurudumu

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi kasoro usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Niko ndani ya gari lenyewe, uani kwangu. Miguuni nimetega sufuria, kwa sababu paa linavuja pale kwenye bawaba ya mbele, na mvua ya masika unaijua, ikianza haina aibu. Kila tone likigonga sufuria nasikia lile neno lake. Godoro. Godoro. Godoro.

Samahani, nimeanzia katikati. Swali langu ni moja tu: je, mke anaruhusiwa kumdhalilisha mumewe mbele ya shemeji yake na watoto? Ukinijibu hilo inatosha. Lakini ngoja nikueleze, usije ukadhani mimi ni mtu wa kununua gari kama anavyonunua kuku mnadani.

Mimi ni dereva wa watalii, huu ni mwaka wa kumi na nne. Nimeendesha magari ya watu miaka yote hiyo, nimekwamua magari ya watu, nimeoga vumbi la watu. Nilichotaka ni gari moja langu. Nikaona wageni wa siku hizi wengi hawataki loji, wanataka gari wanalopikia na kulala humo humo, na ukiwa nalo unalikodisha kwa siku hata kama wewe mwenyewe umelala nyumbani. Hesabu ilikuwa sahihi na mpaka leo ni sahihi. Naomba hilo liandikwe.

Gari ni Land Cruiser, mkonga, ile ndefu ya HZJ78 yenye milango miwili ya nyuma inayofunguka kama kabati. Injini ni 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Ina matenki mawili ya lita 90 kila moja. Ukijaza Arusha unaingia Serengeti na kutoka bila kumsalimia mtu wa sheli. Mwenye nalo alikata paa lote la bati, akaweka la faiba linaloinuka, na chini yake turubai na kitanda cha watu wawili. Ndani kuna kabati za mbao, friji ile ya kufungulia juu, jiko la gesi, betri ya pili, sola. Nyuma kabisa kuna tenki la maji la lita 100. Milango ya nyuma imebeba tairi mbili za spea. Na injini imeongezewa turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa ili ivute zaidi.

Siku nilipoliona, Anti, nilikaa kwenye kile kitanda nikafungua dirisha la turubai, nikajiona niko Lobo, kule Serengeti, asubuhi na chai mkononi. Moyo ulishalinunua, mdomo ulikuwa unachelewa tu.

Sasa aliyeniuzia. Jina sitalitaja, ila ujue ni msimamizi wangu wa ndoa. Ndiye aliyesimama pembeni yangu siku ile, akanifuta jasho kwa kitambaa chake mbele ya mchungaji. Namwita kaka, naye ananiita mdogo wangu. Nyumba yetu ikiwaka moto, ni kwake tunakwenda kukaa kwenye yale makochi yake, kila mmoja anatoa maelezo, naye anaamua. Aliniambia, “Mdogo wangu, hili gari wamelitaka wengi, nimekuwekea wewe.” Milioni 62. Alianzia 65.

Najua utauliza kwa nini sikwenda na fundi. Wote wananiuliza hivyo, hata muuza genge hapa mtaani ananiuliza. Na mimi nawauliza: unampelekaje fundi nyumbani kwa mtu aliyekusimamia ndoa? Umekaribishwa, umewekewa ndizi nyama, mkewe anakuita shemeji, halafu unamtoa fundi na nyundo yake aanze kugonga chini ya gari la mwenyeji? Ni sawa na kunusa chakula cha watu kabla hujala. Kwa hiyo nilikagua mwenyewe. Nililala chini kabisa, shati jeupe na kila kitu. Nikaona chesisi, ile mihimili ya chuma inayobeba gari zima, nyeusi tii, rangi mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikasema moyoni, kaka anatunza gari.

Kijana ninayemfundisha kazi mwezi wa kwanza tu angejiuliza ile rangi mpya chini ya gari kuukuu inafunika nini. Basi, nimesema.

Pasaka nikawapakia wote. Mke wangu, watoto watatu, na kaka yake, yule shemeji ambaye tangu nimuoe dada yake hajawahi kuniuliza kazi inaendaje, anauliza tu kama bado naendesha gari za watu. Nilimpakia makusudi, nakiri. Makuyuni gari lilikwenda vizuri. Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu. Halafu tukaanza kupanda ule mlima wa Bonde la Ufa kwenda Karatu. Mshale wa joto ukaanza kusogea. Nikapunguza gia, nikazima kiyoyozi, nikawasha hita kwenye jua lile ili injini ipumue, watoto wakaanza kulia joto. Pale juu wanaposimama watalii kupiga picha za Ziwa Manyara, maji yakamwagika yote, na moshi mweupe. Wageni wa makampuni ninayoyafahamu, na madereva wenzangu wanaonifahamu, wote wanapita wakipiga honi. Hata nyani walikuja wakakaa kwenye ukingo, wakatutazama kama wamekata tiketi.

Shemeji akashika dumu kumimina maji kwenye rejeta. Na mke wangu, ambaye nilikuwa nategemea aseme pole, akasema kwa sauti: “Jamani, kumbe mume wangu amenunua godoro lenye magurudumu.”

Shemeji alicheka mpaka akakalia dumu. Watoto wakacheka. Mtoto wa mwisho ana miaka mitano, tangu siku hiyo akitaka kuingia kwenye gari anasema, “Baba, twende kwenye godoro.”

Anti, injini ilipasuka hedi, kile kichwa chake cha juu. Hilo linatengenezeka. Lile neno nalitengenezaje?

Jumanne nikalivuta mpaka kwa fundi, Unga Limited. Huyu fundi hana maneno mengi. Akaniambia 1HZ inatoka kiwandani bila turbo, si kwamba haiwezi kubeba, wapo waliofunga wakafika mbali. Lakini anayefunga kwa adabu anaweka turbo ya kiasi, anafunga geji ya kupima moto wa ekzosi, na haachii pampu imwage dizeli kupita kiasi. Huyu wetu alifungulia dizeli ili gari livute, geji hakuweka. Kwenye tambarare linaruka kama swala na unafurahi. Kwenye mlima mrefu na mzigo, hedi inapikwa, nawe hujui mpaka maji yachemke. Ufa uko kati ya valvu mbili. Kisha akaniuliza, “Hii turbo hukuiona?” Niliiona. Nilidhani ni faida.

Halafu akaingia chini na nyundo. Nyuma ya ekseli ya nyuma, pale springi inaposhikilia, rangi ile ya bwana harusi ikabanduka kipande kizima. Chini yake kiraka cha bati kimechomelewa, na pembeni ya kiraka ufa mpya umeshaanza safari. Akanionyesha kwa kidole bila kusema neno. Hesabu ni rahisi, mtu yeyote angeifanya: lita 100 za maji ni kilo 100, ongeza tenki lenyewe, ongeza tairi mbili mlangoni, ongeza kabati, na vyote hivyo vimening'inia nyuma ya ekseli kama mtu aliyekaa mwisho wa ubao. Aliyelitengeneza alipoona limekaa chini nyuma, akaongeza majani ya springi yawe magumu. Springi isipopinda, kinachopinda ni chesisi. Peleka gari hilo mwaka mmoja kwenye ile barabara ya mawimbi kati ya Naabi na Seronera, ndani ya Serengeti. Basi.

Hedi, chesisi na kuhamisha tenki la maji liende mbele ya ekseli: milioni 9. Sina. Nimechanga nikatengeneza hedi tu, na turbo nimeitoa. Sasa gari halichemki. Linapanda polepole kama mzee anayekwenda kupokea pensheni, lakini linafika. Chesisi bado.

Nilimpigia kaka. Unajua alisema nini? “Mdogo wangu, gari la mkononi ni bahati. Si ulilala chini ukakagua?” Hakuwa na hasira, alikuwa anatafuna kitu. Lakini yeye nimeshamsamehe, hayo ni mambo ya biashara. Kinachoniuma ni lile neno la mlimani.

Mke wangu anasema sina haki ya kununa kwa sababu pesa ni yake pia. Hilo nalo nilieleze. Kiwanja cha Kisongo nilichouza milioni 30 kilikuwa changu kwa jina, tofali zilizokuwa pale alinunua yeye, lakini tofali hazikuuzwa, zimeibwa. Mkopo wa milioni 20 wa SACCOS nimechukua mimi, yeye ni mdhamini tu. Kusaini si kulipa, ingawa mwezi uliopita na huu kalipa yeye. Na zile milioni 12 za mwisho, sawa, zilitoka dukani kwake. Nilimwambia nitazirudisha mwezi wa saba wageni wakianza kuja. Mwezi wa saba haujafika, kwa hiyo sijavunja ahadi yoyote.

Yeye alisema kabla, nikubali. Alisema, “Baba, kwa nini anauza kitu kizuri hivyo?” Nikamjibu kwamba wanawake hawajui magari. Labda ndiyo maana alisubiri tufike mlimani.

Sasa wapo vijana wawili, mume na mke, wamerudi kutoka Oman walikokuwa wanafanya kazi. Wana mtoto mchanga. Wanataka kuzunguka nchi: Ruaha, Katavi, wafike Kigoma. Wameliona gari mara moja, yule binti akapanda kitandani akafungua dirisha la turubai, nikaona uso wake na nikajua uso huo ni wangu. Milioni 58 wanalipa taslimu. Sikuwaficha kitu, hawakuuliza. Nilisema turbo nimeitoa, ambayo ni kweli. Mume akasema, “Kaka, wewe ni mtu wa porini, tunakuamini, fundi wa nini tena.” Chini ya gari nimepaka rangi. Nilipaka kuzuia kutu, kipindi hiki cha mvua ni lazima, fundi yeyote atakwambia. Njia ya Katavi nimeipita, ukikatikiwa huko unaweza kukaa siku nzima usione gari. Na mtoto ana miezi saba.

Nikiwaambia, watashusha bei mpaka chini au wataondoka. Nisipowaambia, nalipa SACCOS, narudisha za duka, na mke wangu hatakuwa na neno tena. Wengine wangefanya hivyo bila kuandika barua. Niliuziwa hivyo hivyo na mtu aliyenifuta jasho. Je, mimi niliyeumizwa ndiye nianze kuwa mwema, na kwa gharama yangu? Nijibu hapo, Anti, lakini nijibu ukijua kwamba swali langu ni lile la mwanzo, la heshima.

Na ukweli mwingine ni kwamba sitaki kuliuza. Nimelala humu usiku wa tatu sasa. Nikizima taa, turubai likipigwa na upepo kidogo, nasikia kama niko Ndutu. Nikipata milioni 5 tu namaliza chesisi, nahamisha tenki, natoa tairi moja mlangoni, na mwezi wa saba liko barabarani. Nimemwambia mke wangu hivyo jana. Hakujibu, aliendelea kukunja nguo.

Mahali pa kupeleka shauri hili ni kwa msimamizi wetu wa ndoa, na unaona jinsi kulivyo. Tukae kwenye makochi yale mimi na mke wangu, halafu nani aeleze?

Vijana wanakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Jana jioni nilifungua droo nichukue kadi ya gari, haipo. Watoto hawaifikii droo ile. Nimekaa mezani, tumekula, sikumuuliza, naye hakusema. Sijui ameificha nisiuze, au ana mpango wake na wale vijana, maana namba ya yule binti anayo, walipeana wakizungumzia nguo za mtoto. Saa tisa nimesikia mlango wa jikoni ukifunguka, taa ikawaka kidogo, ikazimwa.

Anti, kama barua hii utaitoa, usitaje mtaa. Na kwenye kichwa cha habari tafadhali usiweke lile neno la godoro, wenzangu wa kazini wanasoma.

Baba wa watoto watatu, Arusha